Shajara ya matangi mawili ya hewa: ufa uliotangulia weldi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kazi imeingia leo: matangi mawili ya hewa ya kufungwa juu ya gari la kuchimbia visima. Mwenye gari kwa sasa anachimba huku Busoga, mashariki mwa Uganda, lakini baadaye mwaka huu atapanda Karamoja, na njia za kule hazina huruma na gari zito. Ndiyo maana sharti lake la kwanza halikuwa bei, lilikuwa uzito. Kompresa yake inasukuma hewa kwa presha ya bar 21. Kila tangi lina kipenyo cha milimita 600 kwa ndani, mwili wa urefu wa milimita 1,200, na vifuniko viwili vilivyobinuka, kimoja kila mwisho. Ujazo ni lita 380 hivi.

Amekuja na mabamba yake mwenyewe: mawili, ya milimita 6, chuma cha nguvu ya juu cha daraja la S690QL, mabaki ya kazi ya matrela. Vyeti vipo. Hiyo 690 ni megapaskali ambazo chuma kinabeba kabla hakijaanza kunyumbuka bila kurudi. Bamba la boila tulilolizoea hapa karakana, P355GH, linaanzia 355. Nimepiga hesabu mara mbili: kwa P355GH ningehitaji milimita 8 kwenye mwili na 10 kwenye vifuniko, kwa hili, 6 zinatosha kila mahali na zinabaki. Tofauti ni kama kilo 60 kwa kila tangi. Nikakubali.

Hatujawahi kukunja chuma cha aina hii hapa Walukuba, Jinja. Kwa hiyo naandika kila hatua.

Ijumaa, 7 Machi

Wiki ya kukata na kukunja. Juzi tulikata duara nne za kipenyo cha milimita 720 kwa gesi. Mabamba yalikuwa yamekaa nje na yana kutu, nami sikutaka kutu ikwaruze kalibu ya presi, basi nikaagiza duara zilale usiku kucha kwenye asidi ya chumvi, katika birika la zege lililo nyuma ya karakana. Asidi ilitosha duara mbili tu. Mbili nyingine vijana wakazisafisha kwa grenda.

Leo presi. Mzee wetu wa presi amefanya kazi hii tangu enzi za viwanda vya nguo vya Jinja kunguruma usiku na mchana, na mkono wake nauamini kuliko mita yoyote. Alipiga la kwanza, akaachia, kifuniko kikafunguka kama kiganja.

"Mwanangu, hili bamba lina kiburi," akasema. "Ukiliachia, linarudi."

Ndivyo kilivyo chuma cha nguvu ya juu: kadiri kinavyohitaji nguvu nyingi kukubali umbo, ndivyo kinavyorudi nyuma zaidi ukikiachia. Mzee akabadilisha kalibu, akaweka yenye bega dogo zaidi (bega ni ile kona ya mviringo kati ya mgongo wa kifuniko na ukingo wake) ili kona ikamate, akapiga mara tatu tatu. Mikunjo iliyojitokeza ukingoni aliisawazisha kwa nyundo. Tukazipa namba kwa mpangilio wa kuingia kwenye presi: 1 na 3 zilizolala kwenye asidi, 2 na 4 za grenda. Jua lilipozama vilikuwa vinne vimepangwa sakafuni, vizuri kwa macho. Tukafuturu hapo hapo karakana, uji na muhogo.

Jumatatu, 10 Machi

Kifuniko namba 3 kimepasuka.

Hakuna aliyekigusa. Mlinzi anasema alfajiri ya Jumapili, akiwa anakula daku, alisikia mlio mmoja ndani, "ta!", kama mtu aliyevunja ufito. Akazunguka na tochi, akakuta mlango umefungwa na hakuna mtu, akarudi kwenye chai yake. Leo asubuhi kijana wa grenda alikuwa anageuza vifuniko ili aandae kingo za kuchomelea, kidole kikapita juu ya kitu.

Ufa una urefu wa milimita 35. Unaanzia ukingoni kabisa, pale gesi ilipokata, na unapanda moja kwa moja kuelekea bega. Mdomoni kucha inaingia. Mwishoni ni mwembamba kuliko unywele, na ukiupotezea mwanga huuoni tena. Kuta zake zinang'aa. Haukuwepo Ijumaa. Nina hakika kwa sababu nilivipitisha mkononi vyote vinne kabla ya futari.

Nimesimamisha kazi.

Jumanne, 11 Machi

Tumevipaka vifuniko vyote dawa nyekundu ya kupenya nyufa, tukasubiri robo saa, tukafuta, tukapuliza unga mweupe. Namba 3: ufa ule ule, sasa mstari mwekundu usio na shaka. Namba 1: nyufa mbili, milimita 8 na milimita 5, ambazo jicho halikuziona. Namba 2 na 4: safi.

Wanaopita karakana kila mmoja ana jibu, na jibu karibu la wote ni moja: weldi mbaya. Nimelisikia mara sita leo. Hakuna weldi! Hatujawasha mashine ya kuchomelea hata mara moja kwenye kazi hii. Naliandika kwa herufi nzito moyoni, kwa sababu kama ufa huu ungetokea wiki mbili baadaye, tangi likiwa limeungwa, sote tungemlaumu mchomeleaji, tungechimba weldi yake na kuirudia, na chanzo kingebaki pale pale kinatungoja.

Jambo la pili nililoliona nikiwa nimepiga magoti na chaki. Bamba la kiwandani lina upande liliovutwa na rola, kama mbao inavyokuwa na mwelekeo wa nyuzi. Kabla ya kukata nilikuwa nimechora mstari wa mwelekeo huo kwenye kila duara. Nyufa zote tatu zimelala karibu na mstari wa chaki. Uchafu mdogo uliomo ndani ya chuma hulazwa na rola kufuata mwelekeo huo, na chuma hupasuka kwa urahisi zaidi kwa kuufuata kuliko kwa kuukata. Mbao nayo hupasuliwa hivyo hivyo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekata kipimo cha kadibodi chenye kona ya nusu-kipenyo cha milimita 60, kama mchoro unavyotaka, nikakiweka ndani ya bega. Kinaelea. Nikakata cha 50, kinaelea. Cha 40 kikakaa. Kalibu ile ndogo ya Mzee ndiyo iliyofanya hivyo, na mimi nilikuwepo nikaangalia bila kuuliza.

Sasa hesabu. Kwa kifuniko kinachokunjwa pande mbili kwa mpigo, kanuni za ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, zinakadiria mnyumbuko wa ngozi ya nje hivi: 75 mara unene, gawanya kwa nusu-kipenyo cha bega, kikipimwa katikati ya unene. Kwa bega la mchoro: 75 × 6 ÷ 63, asilimia 7 na kidogo. Kwa bega tulilolipata: 75 × 6 ÷ 43, asilimia 10.5. Kanuni hizo hizo zinasema chuma cha aina hii, kilichozimwa kwa maji kikiwa chekundu kisha kikapashwa tena kiasi, kikikunjwa baridi kupita asilimia 5 lazima kipashwe moto wa kuondoa mkazo, yaani mvutano unaobaki ndani baada ya kukunjwa. Sisi tulikuwa tumevuka hata kwa mchoro sahihi. Hilo ni kosa langu la mezani, si la presi.

Na kiwango cha S690QL kinaahidi mnyumbuko wa asilimia 14 tu hadi kukatika. Vipimo hivi viwili havifanani kabisa, sivitoi kimoja kwa kingine kama hesabu ya duka, ila vinatosha kukuonyesha kiasi cha akiba ulichokwishatumia kabla tangi halijaona hewa.

Lakini ufa haukuanzia begani. Ulianzia ukingoni. Kwa nini? Hapo nilikaa muda mrefu na kalamu. Duara lilikuwa na mzingo wa milimita 2,262. Lilipoingia kwenye kalibu, ukingo ule ule ulilazimishwa kuwa na mzingo wa 1,920 hivi. Milimita zaidi ya 300 za chuma zimebanwa zikajificha ndani ya unene. Ndiyo ile mikunjo Mzee aliyoipiga nyundo. Presi ikiachia, kila sehemu inataka kurudi ilikotoka na jirani yake haimruhusu. Kinachobaki ni mvutano uliofungiwa ndani, na kwenye ngozi ya nje ya ukingo unavuta kuuzunguka mzingo, yaani unavuta kufungua ufa wa kusimama. Kifuniko kimelala sakafuni, hakuna anayekigusa, lakini ndani yake kuna kamba iliyokazwa.

Ijumaa, 14 Machi

Tupa ya mkono. Kipimo cha zamani na bado hakidanganyi. Nimepitisha tupa kwenye uso wa bamba: inauma, inatoa unga. Nimeipitisha kwenye ukingo uliokatwa kwa gesi: inateleza kama juu ya kioo. Moto wa gesi uliuivisha ukingo, kisha baridi ya bamba zima ikauzima ghafla, ukawa mgumu. Kwa chuma laini hili halitusumbui. Kwa hiki, kilichotengenezwa mahsusi kiwe kigumu kwa kuzimwa, linasumbua sana.

Vipande vya kifuniko namba 3 vimekwenda maabara Kampala na gari la asubuhi.

Jumatano, 19 Machi

Dada mhandisi wa maabara amepiga simu kwanza, kisha akatuma picha. Ugumu wa bamba lenyewe, kwa kipimo cha Vickers: 270. Begani: 305, kwa sababu kukunja baridi kunakifanya chuma kiwe kigumu. Kwenye ngozi ya ukingo uliokatwa: 430. Ngozi hiyo ngumu ina kina cha chini ya nusu milimita, na ufa umezaliwa humo humo. Ukishatoka ndani yake unaendelea kwenye chuma cha kawaida, ukipita katikati ya chembe za chuma na pengine kati ya chembe na chembe.

Akaniuliza swali moja: "Kaka, mliviosha na nini?"

Nikamwambia asidi. Akanyamaza kidogo.

Kwa wasiojua: asidi inapokula kutu na chuma, inazaa haidrojeni. Sehemu kubwa inatoka kama mapovu, ndiyo yale tuliyokuwa tunayaona birikani usiku ule tukayafurahia. Sehemu nyingine inaingia ndani ya chuma, chembe moja moja, ndogo kuliko kitu kingine chochote kinachoweza kupita humo. Inatembea polepole na inapenda kwenda pale palipovutwa sana. Ikikusanyika kwenye chuma kigumu chenye mvutano, chuma kinapasuka, na si papo hapo: baada ya saa kadhaa, siku moja, siku tatu. Mlinzi aliisikia siku ya pili.

Mafiga ni matatu, basi: haidrojeni, chuma kigumu, na mvutano. Chungu kinahitaji yote matatu kikae. Namba 2 na 4 zina ukingo mgumu ule ule na mvutano ule ule, lakini hazikuguswa na asidi, na ni nzima.

Au ni kwa sababu zilitoka bamba la pili? Duara 1 na 3 zilitoka bamba moja, 2 na 4 jingine. Siwezi kusema ni asidi mpaka nitenganishe hayo mawili.

Jumatatu, 24 Machi

Jaribio la vipande. Nimekata vipande vinane, vyote kutoka bamba la pili, lile lililotoa vifuniko vizima. Upana milimita 30. Vinne nimeviacha na kingo za gesi, vinne nimesaga kingo milimita 3 mpaka tupa ikauma. Kisha kila kimoja nimekikunja umbo la U na kukikaza kwa bolti ili mvutano ubaki. Nusu ya kila kundi imelala kwenye asidi usiku mmoja, nusu nyingine haikulala. Vimening'inizwa ukutani, kila kimoja na karatasi yake. Vijana wamekatazwa kuvigusa, na Mama Stoo amechukua jukumu la kuviangalia kila anapofungua na kufunga stoo.

Jumatano, 2 Aprili

Idi imepita salama. Matokeo baada ya siku tisa:

Ukingo wa gesi pamoja na asidi: vyote viwili vimepasuka, kimoja siku ya kwanza, kingine siku ya tatu. Ukingo wa gesi bila asidi: kimoja kizima, kimoja kina ufa wa milimita 2 ambao haujaongezeka. Ukingo uliosagwa pamoja na asidi: vyote vizima. Uliosagwa bila asidi: vyote vizima.

Vipande vinane si vingi, nakubali, lakini vinanitosha. Si bamba. Na kilichonishangaza ni safu ya tatu: haidrojeni ikiwemo, mvutano ukiwemo, bila ile ngozi ngumu ya nusu milimita, chuma kimestahimili. Dakika kumi za grenda kwa kila duara ndizo zilizokosekana.

Nilikwenda kwa Mzee nyumbani nikamwonyesha vipande. Alivishika kimoja kimoja, akavigeuza kwenye mwanga wa mlango. Nikamwambia, "Mzee wangu, kalibu ilikuwa ndogo, lakini asidi niliagiza mimi, na hesabu ya bega sikuifanya mpaka ilipopasuka." Akasema angependa kalibu mpya yenye bega la 60 ichongwe, na kwamba safari nyingine nimpe kipimo cha kadibodi kabla, si baada.

Jumatano, 9 Aprili

Mwenye gari amekuja, na amekuja na mapendekezo mawili. Nayaandika kwa sababu ni mapendekezo ambayo fundi mzuri anaweza kuyatoa kwa nia njema kabisa.

La kwanza: tupashe mabega kwa moto wa gesi mpaka yageuke rangi ya buluu, chuma "kipumue", kisha tuendelee na vifuniko namba 2 na 4. Nimekataa. Rangi ya buluu ni nyuzi 300 hivi. Chuma kilichokunjwa baridi kisha kikapashwa joto la namna hiyo kinazeeka kwa saa chache: naitrojeni na kaboni zilizo huru zinahamia kwenye mikwaruzo ya ndani iliyoachwa na kukunja, zinaifunga, na chuma kinakuwa kigumu kidogo na kikavu zaidi, yaani chepesi kuvunjika. Mkazo haujatoka, ila ustahimilivu umepungua. Chuma kizuri hutiwa alumini kiwandani ili ikamate naitrojeni, na cheti cha bamba hili kinaionyesha, kwa hiyo pengine kingezeeka kidogo tu. Sina sababu ya kujaribu bahati hiyo kwenye tangi. Kuondoa mkazo kwa kweli kunataka nyuzi zaidi ya 500, tangi zima, tanuri lenye kipima joto, na kwa chuma hiki usivuke joto kilichopashwa kiwandani, la sivyo ile 690 unaipoteza. Tanuri hilo hatuna.

La pili: tukimaliza tulipeleke likapakwe zinki ya moto lisishike kutu. Zinki inayeyushwa kwenye nyuzi 450 hivi, na kabla ya kuzamisha wanasafisha kwa asidi. Ni asidi tena, na joto juu yake. Nimekataa hilo pia, na nimemweleza kwa nini huku ameshika kifuniko namba 3 mkononi. Aliupitisha ukucha kwenye ufa mara mbili tatu. Hakubisha.

Akauliza swali la haki: "Kwa hiyo tangi la milimita 6 haliwezekani?" Linawezekana. Kwingine wanalitengeneza, wana tanuri, wana presi ya kupimwa, wanasaga kingo, hawaoshi kwa asidi. Hapa, kwa vifaa vyetu, haliwezekani kwa usalama, na hewa si maji. Lita 380 kwa bar 21 zimebeba nguvu ya megajuli 2 hivi: ni kama kuinua gari la tani moja mita 200 juu na kuliachia. Litakaa nyuma ya migongo ya vijana wanaochimba kisima.

Tumekubaliana: P355GH, milimita 8 mwilini na 10 kwenye vifuniko. Ataondoa sanduku moja la vipuri kwenye gari kufidia kilo zile.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua imenyesha tangu saa nane usiku na umeme umekatika, basi leo ilikuwa siku ya maneno. Kijana wa grenda aliuliza kama mambo haya yameshaua watu kweli au ni ya vitabuni.

Nikawaeleza Potchefstroom, Afrika Kusini, 13 Julai 1973. Tangi la amonia kwenye kiwanda cha mbolea. Kifuniko chake, kilichokunjwa na kisha hakikupashwa moto wa kuondoa mkazo, kilikatika ghafla, kipande kikaruka. Tani 38 za amonia zikatoka. Watu 18 walikufa. Presha ilikuwa ya kawaida, siku ilikuwa ya kawaida. Chuma kile hakikuwa hata cha nguvu ya juu sana. Kilikuwa kimekauka kwa kukunjwa.

Akauliza tena, kwa sababu anaishi Masese na viwanda vya samaki vya huku vinatumia amonia kwenye mitambo ya barafu: je, amonia yenyewe inakula chuma? Jibu lina historia ndefu. Wakulima wa Marekani walianza kuona matangi yao ya amonia yanapasuka miaka ya 1950, na vifuniko vilivyokunjwa baridi vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kupasuka. Uchunguzi ukaonyesha ni hewa iliyochanganyika na amonia pamoja na mvutano uliobaki ndani ya chuma, na kwamba chuma chenye nguvu zaidi kiko hatarini zaidi. Dawa zilikuwa tatu: kuondoa mkazo kwa moto, kuzuia hewa isiingie, na kutia maji kidogo, asilimia 0.2 tu. Maji! Kijana hakuamini. Nami niliposoma mara ya kwanza sikuamini.

Mwishoni akasema atamwuliza baba yake, anayefanya kazi huko, kama tangi lao lina cheti cha kupashwa moto. Nimefurahi kuliko nilivyoweza kumwonyesha.

Jumanne, 22 Aprili

Pasaka imekwisha, mabamba mapya yamefika. Nilisoma vyeti kabla hayajashushwa: alumini ipo, unene upo, namba zilizogongwa kwenye bamba zinalingana na karatasi.

Hesabu ya bega jipya: 75 × 10 ÷ 65, asilimia 11.5. Ndiyo, ni zaidi ya ile ya kwanza, na mtu mmoja ameniuliza mbona basi nimetulia. Kwa chuma hiki laini kanuni inaruhusu kufika hadi asilimia 40 bila moto, mradi tangi si la sumu ya kuua, bamba halizidi milimita 16, unene haukupungua zaidi ya asilimia 10, chuma hakikulazimika kupimwa kwa kupigwa kwenye baridi, na hakikukunjwa kikiwa kati ya nyuzi 120 na 480. Sharti hilo la mwisho ni ule ule uzee wa rangi ya buluu. Unene ndio tunaopaswa kuuchunga.

Duara zimekatwa kubwa kwa milimita 10, kisha kingo zikasagwa mpaka tupa iume pande zote. Kutu imeondolewa kwa grenda na brashi ya waya. Birika la zege tumelijaza kokoto.

Jumanne, 29 Aprili

Kalibu mpya, bega 60. Mzee alipiga la kwanza, akaliachia, akaliangalia.

"Hili linasikia," akasema.

Kadibodi ya 60 imekaa bila mwanga kupenya. Unene mdogo kabisa begani, kwa kipimo cha sauti tulichoazima: milimita 9.3. Vifuniko viwili leo, vya tangi la kwanza. Tutavingoja siku tatu kisha tutavipaka dawa nyekundu kabla ya kuviunga. Siku tatu zile si za kanuni yoyote, ni za mlinzi na daku yake.

Ijumaa, 2 Mei

Safi vyote viwili. Kuchomelea kumeanza. Rodi za haidrojeni kidogo, E7018, zinapashwa nyuzi 350 kwa saa mbili kila asubuhi na kukaa kwenye kopo la moto. Unyevu wa msimu huu ungerudisha haidrojeni kwa mlango wa nyuma. Mama Stoo anatoa rodi kumi kumi, na ambazo hazikutumika ndani ya saa nne anazirudisha kwenye joto. Ana daftari. Weldi ya kuunga kifuniko imewekwa kwenye sehemu iliyonyooka, milimita 30 kutoka bega linapoanzia.

Jumanne, 6 Mei

Jaribio la maji, tangi la kwanza. Tumelijaza mpaka hewa yote ikatoka juu, tukapandisha polepole hadi bar 27.3, yaani mara 1.3 ya presha ya kazi. Nusu saa. Mshale haukusogea. Mkaguzi alipitisha mkono kwenye weldi zote na akakaa muda mrefu zaidi begani, bila mimi kumwambia chochote.

Jumatatu, 12 Mei

Dawa nyekundu tena leo, siku sita baada ya jaribio, mwili na vifuniko: hakuna mstari hata mmoja. Tangi limepakwa rangi ya kwanza.

Namba 2 na 4 za chuma kile cha kwanza bado ni nzima, nimezipaka tena leo. Sitazitumia. Namba 4 itakatwa vipande vya kufundishia, na dada wa maabara ameomba bega lake lote.

Duara za tangi la pili zimesagwa kingo. Mzee anataka kuzikunja Alhamisi, umeme ukikubali.